Bawabu Asiyedai Posho

1

Kengele ya posho ilipolia nilikuwa nimepanua taya la mtoto wa darasa la pili, na taya hilo likajifunga na vidole vyangu viwili vikiwa ndani.

"Achia," nikamwambia.

"Mabawabu wana njaa, Daktari," alijibu kwa taabu, maana vidole vilikuwa bado vimo.

Nikavitoa. Hakungoja niseme amemaliza. Aliruka kutoka kwenye kiti, akatoka mbio na kitambaa changu cheupe bado kimemning'inia shingoni. Nilipochungulia dirishani mwa kiliniki yangu, hapohapo shuleni, shule nzima ilikuwa imepanga mstari uwanjani, kila mtoto ametoa ulimi nje upunge upepo. Mgeni angedhani ni mchezo. Sisi wa Pangani tumeshazoea. Mwalimu wa zamu alipita na bakuli, akiweka kidonge kimoja cha waridi kwenye kila ulimi, na kila ulimi ulipopokea chake ulirudi ndani na uso wa mwenyewe ukachanua.

Bawabu ni mdudu asiyeonekana kwa macho matupu. Tunampaka kwa brashi mtoto anapotimiza miaka sita, naye anakaa mlangoni mwa kila jino na kufukuza wale wadudu wanaotengeneza tindikali na kutoboa meno, wale ninaowaita wachimbaji. Kazi yake anaijua. Zamani nilikuwa narudi nyumbani na vilio vya watoto masikioni. Siku hizi narudi napiga mluzi, na koleo langu la kung'olea linabanisha mlango usipigwe na upepo. Kwa hiyo mtu asije kuniambia bawabu ni mbaya. Tutagombana.

Ila ana sharti lake. Chakula chake ni sukari, na sukari tu. Akikaa asubuhi nzima hajalishwa, anatoa uchungu mfano wa shubiri na ufizi unawasha kama uliopitiwa na upupu. Ndipo inapokuja posho, kidonge cha sukari chenye picha ya muwa unaocheka, kinachotengenezwa kwenye yale maghorofa ya miwa yanayong'aa ng'ambo ya mto. Kampuni iliyomuumba bawabu ndiyo inayotengeneza posho. Inaitwa Miwa Njema. Wahenga walisema mchawi mpe mwanao akulelee, na sisi tulimpa, tena tukamshukuru.

Nilipogeuka kutoka dirishani, nilimkuta binti yangu Kibibi amejikunja nyuma ya kiti cha wagonjwa. Ana miaka tisa na miguu mirefu, kwa hiyo kujificha hajui.

"Mbona hukupanga mstari?"

"Si umesema nisile?"

Kweli nilikuwa nimesema. Asubuhi ile daktari wa damu alinipigia na majibu ya vipimo vyake. Hakuzunguka. Kongosho la mtoto limeanza kuchoka, alisema, na si la huyu peke yake, sukari ya damu inapanda kila tukipima, na asipokatiwa utamu sasa hivi ataingia kwenye kisukari kabla hajavunja ungo. Nikamuuliza, na posho je? Akasema, "Hiyo ya kwako, Mwantumu. Mimi wa damu."

Na hapo ndipo penye mfupa. Bawabu hufukuza wote, wabaya na wazuri, mpaka kinywa kinabaki nyumba ya mtu mmoja. Ukimnyima posho anakufa, na nyumba tupu haikai tupu. Tulishaona kwa watoto wawili waliohamia bara posho ikawakatikia. Wachimbaji walirudi kwa fujo, wakajilisha kwa mkate, muhogo na ndizi mbivu, na haikuchukua muda magego yote yakawa matundu. Mmoja wao nilimng'oa mwenyewe. Sikulala.

Sasa zamu ilikuwa ya mwanangu. Nikimlisha, namuua kongosho. Nikimnyima, namtoboa meno. Niliinama nikamkumbatia pale chini, na mate yake yalikuwa yananuka uchungu.

"Mama, inawasha," alisema.

"Najua, mwanangu."

"Kidogo tu? Nusu?"

Nilimpa nusu. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

2

Bwana Desderi Mkude alifika mchana na keki.

Huyu ndiye Meneja wa Uhusiano Mwema wa Miwa Njema, na jambo la kuudhi ni kwamba uhusiano wake ni mwema kweli. Anakumbuka majina ya watoto. Msiba ukitokea, yeye ndiye wa kwanza kuleta maturubai. Tumbo lake linatangulia kuingia mlangoni, kicheko kinafuata, na kwenye mfuko wa shati haikosekani pakiti ya posho, maana naye alijipaka mabawabu kuonyesha mfano.

"Daktari! Nimekuja kukutakia heri ya wiki ijayo."

Wiki iliyofuata Baraza la Vinywa lilikuwa linakuja kukaa Pangani. Lilikuwa lipige kura juu ya sheria mbili kwa mpigo. Ya kwanza, posho iwe lazima katika kila shule ya pwani. Ya pili, ile mipaka ya sukari kwenye vyakula vya shule, mipaka niliyoipigania mpaka sauti ikanikauka, ifutwe, kwa kuwa meno yamepona na haina kazi tena. Shahidi mkuu nilikuwa mimi, daktari wa mji ulioanza kupakwa mabawabu.

"Sikuombi useme uongo," Mkude alisema huku akikata keki. "Mimi mwenyewe uongo siuwezi, unanipa kiungulia. Nakuuliza tu: meno ya watoto yamepona au hayajapona?"

"Yamepona."

"Basi ishia hapo. Nukta. Ukae, unywe maji."

"Na damu yao?"

"Damu ina watu wake. Daktari, kila mtu na kiungo chake. Mtu wa meno akianza kusema habari za kongosho, kesho mtu wa macho atasema habari za magoti. Tutafika wapi?" Alicheka, nami nusura nicheke, maana mtu huyu ana kicheko cha kuambukiza. "Kampuni iko tayari kulipia utafiti wowote unaotaka. Brashi mpya. Rangi mpya. Bawabu wa aina ya pili mwenye harufu ya karafuu. Wowote ule."

"Hata wa kupunguza sukari?"

"Wowote ule," alirudia taratibu, "wa meno."

Nikamuuliza kitu nilichokuwa nimekikalia muda mrefu. "Bwana Mkude, mlikuwa na wataalamu wote wale. Kwa nini hamkuumba bawabu asiyehitaji sukari?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa kwa nini kuku hawachinjwi wakabaki hai.

"Sasa huyo nani angemlipa mshahara?"

Palepale akakunja uso. Muda wake ulikuwa umefika. Alichomoa kidonge, akakitupia kinywani, akafumba macho mpaka uchungu ulipompita. Nilimwonea huruma, kusema kweli. Kisha akapangusa jasho na kunikumbusha, kwa mzaha, masaibu ya Ramadhani iliyopita, ya kwanza tangu wakubwa nao wapakwe. Kampuni haikuwa imefikiria kufunga. Majaribio yote yaliyofanywa makao makuu yalifanywa kwa watu wanaokula mchana kutwa. Mfungo ulipoingia, nusu ya mji ukatembea na midomo wazi, na Mkude akatumwa mbio kwa sheikh kuomba posho ihesabiwe dawa isiyofunguza.

"Akaniuliza swali moja tu," Mkude alisema. "'Ni tamu?' Nikasema, tamu sana, Sheikh. Akasema, 'Basi inafunguza.' Nikatoka."

Alicheka mpaka machozi. Aliacha keki yote mezani. Nami sikuwa nimemwambia nitasema nini, kwa sababu nilikuwa sijui.

3

Nyumbani nilimkuta Kibibi amelala kifudifudi kwenye mkeka, analia kwa sauti ya chini. Ile nusu ilikuwa imeshakwisha nguvu. Mama yangu alikuwa ameketi karibu yake akimpepea.

Mama yangu anaitwa Bi Kidawa, na mji mzima unamwita hivyo, hata mimi nikikasirika. Ana kisukari cha utu uzima, hanywi chai yenye sukari, na hapendi kuambiwa. Mwaka jana alikwenda kupakwa mabawabu bila kunishirikisha. Nilipomuuliza sababu, alinionyesha kanga aliyopewa: MLISHE BAWABU, NAYE AKULINDE. Doti nzima, bure.

"Mtoto anateseka," alisema bila kunitazama. "Mpe hicho kidonge."

"Hawezi, Mama. Damu yake."

"Basi muondoe hao wadudu."

"Nikiwaondoa meno yataoza."

"Ah! Mmetengeneza nini nyie?" Akaacha kupepea. "Halafu mimi hao wa kwangu mbona hawanisumbui?"

Nilikuwa navua viatu. Nikabaki na kimoja mkononi.

"Hawakusumbui vipi?"

"Hawaniwashi. Hawana uchungu."

"Tangu lini?"

Akaanza kujitengeneza ushungi, dalili kwamba kuna maungamo yanakuja. Nikayapata kwa vipande. Kabla ya Ramadhani alikuwa akila posho kwa siri, akijiambia ni dawa. Mwezi ulipoandama akatubu. Mchana alifunga, na jioni, badala ya kufuturu kwa maji ya matunda na kaimati kama wengine, alifuturu kwa uji wa pilipili manga usio na sukari, adhabu aliyojipa mwenyewe. Usiku hakugusa posho. Watu wengine waliwanyima mabawabu wao mchana na kuwashibisha usiku. Yeye aliwafungisha mwezi mzima, usiku na mchana.

"Kumi la kwanza nilikiona cha mtema kuni," alisema. "Kumi la pili nikasema nitakufa. Kumi la tatu kimya. Nikajua toba imekubaliwa, nikanyamaza."

"Miezi mitatu hii hujala posho?"

"Sijala."

"Fungua mdomo."

"Mwantumu, mimi ni mama yako."

"Fungua mdomo, Bi Kidawa!"

Akafungua. Nilimulika kwa taa ya simu. Meno aliyobakiwa nayo yalikuwa safi, hakuna doa, hakuna ukungu. Wala hapakuwa na nyumba tupu. Nilichukua mate kwa kijiti cha pamba, nikarudi kiliniki nimevaa kiatu kimoja na kandambili moja, na kuweka kijiti chini ya darubini.

Walikuwemo. Mabawabu, sura ileile, mnyororo uleule, wanajaa kioo kizima. Nikawawekea tone la sukari, wakalipita. Nikawawekea mate matupu, wakaanza kugawanyika.

Nilikaa kwenye kiti cha wagonjwa nikacheka peke yangu. Jambo lenyewe ni rahisi hata kumweleza mtoto. Katika kila kundi la mabawabu huzaliwa wachache waliopotoka kidogo, wanaoweza kula kitu kingine. Sukari ikiwa tele, hawa hawana nafasi, wanasukumwa pembeni na ndugu zao walafi. Mwezi wa Bi Kidawa uliwaua walafi wote. Waliobaki ni wale wachache waliojua kuishi kwa mate, na mate hayauzwi na mtu. Wale watoto wawili wa bara hawakufunga; mkate na ndizi za kutwa viliwapa wachimbaji nafasi kwanza. Kampuni yenye maghorofa ya miwa haikumfikiria mtu atakayekaa mwezi mzima hajalamba utamu kwa hiari yake. Mwanamke mmoja mbishi alifanya hivyo kwa sababu alijionea haya.

Nilirudi nyumbani nikaeleza. Bi Kidawa alisikiliza, akajiona mkubwa, akatafuta namna ya kujiona mkubwa zaidi.

"Kwa hiyo dawa ya Kibibi iko kinywani mwangu."

"Huenda. Lakini bawabu huyu hatoingia huku sukari ipo. Lazima Kibibi aache kabisa, avumilie uchungu mpaka wale wa zamani wafe, na huku ananywa nyuma yako kwa kikombe kilekile. Kisheria siwezi kumpa. Ni mdudu asiyesajiliwa. Nikimpandikiza mtu yeyote nanyang'anywa leseni."

"Nani kasema upandikize?" Akainama mbele. "Mpe muuza kahawa kikombe changu. Vikombe vyenyewe anavyo vitano, anavisuuza kwenye ndoo moja, baraza zima linanywea. Mwezi hauandami mji wote umepona, na Mkude na maghorofa yake watabaki kutafuna miwa wenyewe."

Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyonitisha. Nilimwona yule muuza kahawa na ndoo yake, vikombe vikitoka mdomo huu kwenda mdomo ule, na hakuna haja ya Baraza wala kura. Moyo wangu ulipenda. Sitasema haukupenda.

"Bila kuwauliza?" nikasema.

"Mimi waliponipaka waliniuliza nini? Walinipa kanga."

"Ndiyo maana sitaki."

Akarudi kumpepea Kibibi bila kubisha. Si jambo la kawaida.

"Sijui kila kitu, Mama. Nimemwangalia mdudu huyu jioni moja. Nitamtia kinywani mwangu kwanza, na mengine nitayasema mbele ya Baraza, watu wakisikia. Mpaka hapo kikombe chako kiwe chako peke yako."

"Unaninyanyapaa."

"Ndiyo."

Basi akatafuta kikombe kidogo cha kahawa chenye mkono, akakifunga kwa uzi na kukining'iniza kiunoni, na tangu siku hiyo akatembea nacho mjini kinagongagonga. Aliyemuuliza alijibiwa kwamba bintiye msomi amemharamisha.

Mimi nilianza jioni ileile. Nilikunywa nyuma yake, nikaacha sukari yote, maana nami nilipakwa pamoja na wakubwa wengine. Siku tatu za mwanzo nilikuwa si mtu. Nilimgombeza paka. Nilimgombeza mgonjwa aliyekuja kunishukuru. Kibibi akawa ananifuata nyuma na kunitazama mdomo.

"Bado, Mama?"

"Bado."

Siku ya nne niliamka, nikameza mate, na hayakuwa na ladha yoyote. Maisha yangu yote sijawahi kufurahia kitu kisicho na ladha namna ile. Kila asubuhi baada ya hapo nilijipima, na kila asubuhi walikuwepo, wamekaa mlangoni, hawadai.

4

Baraza la Vinywa lilikaa kwenye ukumbi wa mji, na Mwenyekiti wake, Bi Eshe Mntambo, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kengele, alipiga marufuku kula ukumbini. Nadhani hakukumbuka kwamba wajumbe wake wote wamepakwa. Mkude aliwapa zawadi hiyo mwaka jana.

Mkude alianza. Alionyesha picha za watoto wanaocheka, na kwa kweli walipendeza. Alisema takwimu zake, zote za kweli. Akanikaribisha kwa heshima, "daktari wetu, nguzo yetu."

Nilisimama. Bi Kidawa alikuwa safu ya mbele na kikombe kiunoni, amevaa kanga yake ya zamani, si ile ya kampuni: KINYWA NI CHANGU, KELELE ZA NINI. Kibibi alikuwa pembeni yake. Asubuhi ile alikuwa amekataa nusu yake mwenyewe, sikumwambia. Uso ulikuwa umemkunjamana kwa uchungu.

"Meno ya watoto wa Pangani yamepona," nilisema.

Mkude akaitikia kwa kichwa kwa furaha. Pale ndipo palipokuwa na nukta yake. Nikaipita.

"Na damu yao inaharibika. Mabawabu tuliowapaka hawaishi bila sukari, kwa hiyo tunawalisha watoto sukari kutwa kucha ili tuwakinge na madhara ya sukari. Binti yangu ni mmoja wao, yule pale. Mnaambiwa mfute mipaka kwa sababu meno hayahitaji tena. Mipaka haikuwekwa kwa ajili ya meno peke yake. Mtoto hana kinywa kinachotembea chenyewe, Mheshimiwa Mwenyekiti. Kimeungana na mtoto."

Watu wakaguna. Nikaeleza habari ya Ramadhani na uji wa pilipili manga, na ukumbi ukacheka, hata Mkude. Nikasema nimejitia mimi mwenyewe na naendelea kujipima. Nikasema pia nisiyoyajua. Sijui atakuwaje baada ya mwaka. Sijui atamfanyaje mtoto mchanga. Nikasema ningeweza kumwachia kimyakimya kwenye vikombe vya kahawa, na leo nusu yenu mngekuwa naye.

Mjumbe mmoja akasogeza kikombe chake cha maji mbali kidogo.

"Sikufanya hivyo," nikasema. "Nimekuja kuuliza."

Mkude akainuka. Hakuwa anacheka tena, ingawa hakuwa na ukali.

"Mheshimiwa, kwa masikitiko. Bawabu ni uvumbuzi wa Miwa Njema. Akibadilika, akizaa, akihama, bado ni mali ya kampuni. Mtu hawezi kugawa mali ya watu."

Kabla Mwenyekiti hajajibu, kiti kililia safu ya mbele. Bi Kidawa alikuwa amesimama.

"Wewe mwanangu Mkude, hii ni mali yako?"

"Shikamoo, Mama. Kisheria, ndiyo."

"Marahaba. Basi njoo uichukue."

Na akapanua mdomo, mpana, akausogeza mbele kuelekea meza kuu, akakaa hivyo.

Ukumbi ulilipuka. Kuna mzee alianguka kutoka kwenye benchi. Mkude alitazama kinywa kile, akatazama mikono yake, akatazama wajumbe, na hakuna aliyemsaidia, kwa sababu walikuwa wanafuta machozi. Mwenyekiti aligonga meza mpaka nyundo ikachoka.

"Bi Kidawa, funga," alisema hatimaye. "Kwa heshima."

Kikao kilikuwa kimekwenda muda mrefu, na sasa niliona kitu nilichokuwa nimekisahau. Mjumbe wa kwanza alikuwa anajisugua ufizi kwa kidole. Wa pili ametoa ncha ya ulimi. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa ameuma leso. Njaa ya mabawabu ilikuwa imewafikia meza nzima kwa pamoja, na hakuna kula ukumbini.

Bi Eshe Mntambo alitoa leso mdomoni. Alimtazama Kibibi, aliyekuwa amekunja uso vilevile kama yeye.

"Binti, nawe inakuwasha hivi?"

"Ndiyo, Bibi."

"Kila siku?"

"Kila siku. Mpaka wanipe."

Mwenyekiti akashusha pumzi. "Mipaka ya sukari shuleni haifutwi," alisema. "Anayepinga anyooshe mkono." Mikono yote ilikuwa midomoni. "Sheria ya posho kuwa lazima inarudi ilikotoka. Huyu bawabu wa pili apimwe na watu wasiolipwa na mtu anayeuza sukari. Ikichukua mwaka, ichukue. Na wewe Daktari, ukimpandikiza mtu yeyote leo, leseni yako nitaichukua kwa mkono wangu."

"Nimeelewa."

"Ila," akaongeza, akigeuka kwa Bi Kidawa, "Baraza hili halijawahi kutunga sheria ya kikombe cha kahawa cha bibi na mjukuu wake. Sitaanza leo, na mdomo wangu ukiwa hivi. Kikao kimefungwa."

Wajumbe walikimbilia mlangoni walikoacha posho zao. Mkude hakukimbia. Alipapasa mfuko wa shati, akakumbuka kwamba pakiti yake yote aliigawa asubuhi kwa watoto wa nje, akaja kusimama kando yangu akimeza mate kwa shida.

"Umenimaliza, Daktari."

"Pole, Bwana Mkude."

"Watanihamisha." Akakitupia jicho kikombe cha Bi Kidawa. "Na huyo wa mama yako... watu wa bara anawakubali?"

"Muulize mwenye kikombe. Mimi siruhusiwi kukigusa."

Bi Kidawa alikuwa ameshafungua birika la kahawa chungu alilokuwa ameliweka chini ya kiti, akafungua uzi kiunoni, akamimina, akanywa funda moja. Kisha akakishika kikombe mbele ya Kibibi bila kumpa. Nami nilitia mikono nyuma. Nimeng'oa meno ya watu wazima wenye nguvu, sijawahi kufanya kazi ngumu kama kuiacha mikono yangu nyuma dakika ile. Huenda nilikuwa nampoteza. Huenda nilikuwa namponya. Kitabu cha kuniambia hakikuwepo.

Kibibi alinitazama mimi, si kikombe.

"Itakuwa chungu siku ngapi?"

"Kwangu zilikuwa tatu. Kwako sijui, mwanangu."

"Na nikishindwa?"

"Tutarudi kwenye nusu, tutafute njia nyingine. Sitakugombeza."

"Ulimgombeza paka."

"Paka nilimwomba radhi."

Akafikiri, huku ulimi ukipunga hewa. Uwanjani nje, watoto waliogawiwa posho na Mkude walikuwa wanacheza na midomo yao ya waridi, na alisikia kelele zao vizuri kama nilivyozisikia mimi. Akachukua kikombe kwa mikono miwili. Akanywa. Macho yakamtoka, mabega yakapanda mpaka masikioni, na mwili mzima ukamtetemeka kuanzia kisogoni.

"Chungu," alisema.

Bi Kidawa akanyoosha mkono kukipokea. Kibibi hakukiachia. Alipangusa mdomo kwa kiganja, akameza mate, akakisogeza kikombe kwenye birika.

"Niongeze."